Sahara ilipokuwa na nyasi: walikula nini?

"Watu wa jangwani waliishi kwa nyama." Kosa hili limeletwa na mifupa: inadumu, inaonekana, na michoro ya miambani imejaa wanyama. Lakini katika milima ya Acacus, kusini-magharibi mwa Libya, vigae vya vyungu vya karibu miaka 10,000 iliyopita, Sahara ikiwa bado na maziwa na nyasi, vimekutwa vimenyonya mafuta na nta za mimea. Majani na mbegu vilipikwa humo.

"Mimea huoza, haiachi kitu." Penye mvua, kweli, aghalabu husalia kile kilichoungua kikawa mkaa. Jangwani ukavu wenyewe hutunza. Katika pango la Takarkori, hukohuko Acacus, zimepatikana mbegu zaidi ya 200,000, nyingi zimekauka tu. Mkaa hutiwa majini ili uelee na kuachana na udongo. Mbegu kavu maji huziharibu, kwa hiyo huchekechwa zikiwa kavu.

"Mbegu ikikutwa pangoni, basi ililiwa na mtu." Hapa ndipo penye kazi. Mbegu za Takarkori zilikaa katika mafungu madogo ya duara, mithili ya akiba. Ila sisimizi nao huweka akiba! Watafiti, wakiwemo wa Modena, Italia, walichunguza kama sisimizi wangeweza kuacha mafungu ya namna ile, wakaridhika kwamba si kazi ya wadudu. Pia palikuwa na mabaki ya kikapu kilichosukwa kwa mizizi. Binafsi, bila uchunguzi ule wa sisimizi, hizo 200,000 zisingenishawishi.

"Palipo na nafaka palilimwa." La. Nabta Playa, kusini mwa Misri, watu walikuwa na mtama mwitu majumbani mwao miaka 9,000 hivi iliyopita. Mtama wenye dalili za mkono wa mkulima unaonekana mashariki mwa Sudan baadaye sana, miaka 5,000 na kitu iliyopita.

"Gugu si chakula." Ndago, inayomsumbua kila mwenye jembe, ina viazi vidogo ardhini. Huko Al Khiday, karibu na Nile Nyeupe nchini Sudan, chembe zake zimekutwa ndani ya ukoga uliogeuka jiwe kwenye meno ya wafu wa kale. Hata kilimo kilipoingia, waliendelea kuila. Katika kundi moja la baadaye meno yaliyotoboka hayafiki asilimia 1, na watafiti wanashuku kwamba ndago, yenye uwezo wa kuzuia bakteria wa meno, ilichangia.