Ankara ya gereji inasomwa na mtu ambaye hakuwepo

Kazi yangu ni kuandika ankara za gereji hapa Dodoma. Asubuhi niko Kizota, mchana mara nyingi Nkuhungu. Sishiki spana, ila nakaa karibu na wanaoshika, maana ankara ya maana huwezi kuiandika ukiwa umejifungia ofisini. Inabidi uiname kwenye boneti, fundi akuonyeshe kwa kidole alichotoa na alichoweka.

Mji huu una jambo lake. Gari likiingia gerejini, mara nyingi aliyelileta ni dereva. Mwenye gari yuko kikaoni Mtumba, au yuko Dar, au ni mhasibu wa kampuni ambaye gari lenyewe hajawahi kulipanda. Yeye hajasikia mlio uliokuwa unalia wala hajaona pedi zilizolika mpaka chuma. Anachokipata ni karatasi, tena siku hizi ni picha ya karatasi kwenye WhatsApp. Ankara ndiyo macho yake pale gerejini, na ndivyo ninavyoiandika.

Nilijifunza hilo kwa makosa yangu. Fuso iliyobeba alizeti kutoka Singida ilikufa klachi ikiwa inaingia mjini. Mafundi wakashusha gia boksi, spea zikaagizwa Kariakoo zikapanda basi la usiku, kazi ikaisha vizuri. Mimi nikaandika mstari mmoja tu: "Klachi kamili pamoja na ufundi, 1,137,000." Mwenye gari yuko Mwanza. Akanipigia: "Dada, klachi kamili ndiyo nini? Huku nimeuliza, pleti naambiwa haizidi laki tatu na nusu." Dereva akalala kwenye kabini siku nne, mzigo ukiwa juu, bosi wake akiamini amekula njama na gereji. Yule kaka hakuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyemponza kwa mstari mmoja.

Siku ya nne nikakaa na fundi tukaiandika upya. Klachi pleti mpya 1, 320,000. Presha pleti mpya 1, 380,000. Rilisi bearing 1, 85,000. Kuchonga flaiwili kwa mkereza, 60,000. Oili ya gia boksi lita 6 kwa 12,000, jumla 72,000. Nauli ya spea kwa basi, 20,000. Ufundi wa kushusha na kupandisha gia boksi, 200,000. Jumla ni ileile, 1,137,000, haikupungua wala kuongezeka hata shilingi. Kesho yake asubuhi akalipa.

Tazama mstari wa mkereza. Hela ile haikwenda kwa gereji, ilikwenda kwa fundi mwingine mwenye mashine yake. Usipoiandika, mteja anaiona kama faida yako. Nauli ya basi nayo ni hivyohivyo.

Sasa nifike kwenye mstari unaonichosha kuliko yote: ufundi. Gereji nyingi zinauficha. Zinaandika ufundi 30,000, halafu zinapandisha bei ya spea ili kufidia, kwa kuwa mteja akiona laki mbili anasema, "Laki mbili kwa kufungua nati tu?" Naielewa hofu hiyo. Lakini bei ya spea ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kuhakiki: simu moja kwa mtu wa Kariakoo, basi. Mteja akigundua kwamba rilisi bearing ya 85,000 umeiandika 150,000, hataamini tena mstari wowote, hata ule wa kweli. Afadhali andika ufundi kwa bei yake na useme ni kazi gani. "Ufundi, 200,000" inaleta ugomvi. "Kushusha gia boksi, kubadili klachi, kupandisha na kujaribu barabarani, mafundi 2, siku 1" mtu anaielewa hata kama hajui spana namba kumi na saba inafananaje. Ukitaka kumpunguzia, weka punguzo kwenye mstari wake, usikate kimyakimya kwenye ufundi.

Kuna sababu nyingine ya kutenganisha. Kampuni hukata kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla hujalipwa na kupelekwa serikalini, ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Mhasibu asipouona ufundi ukiwa peke yake, anaweza kuikata kwenye jumla yote, spea zikiwemo, na wewe ndiye utakayehangaika nayo baadaye.

Kwenye kila spea naandika hali yake: mpya, au iliyotumika kutoka Japani. Sina ugomvi na spea iliyotumika, nyingine zinadumu kuliko mpya za bei rahisi. Ila mteja ajue alichonunua, na waranti iwe na siku zake. Zilizotolewa kwenye gari zinatiwa kwenye kiroba, dereva anakabidhiwa na kusaini: "Spea zilizotolewa zimekabidhiwa."

Namba ya ankara, tarehe, namba ya gari, kilomita. Kilomita wengi wanaziruka, na bila hizo hakuna anayejua sevisi ijayo ni lini.

Ikibidi kuongeza kazi katikati, mwenye gari anapigiwa kwanza. Kisha naandika palepale: "Saa 8:20 mchana, mwenye gari ameridhia kwa simu kubadili bushi za mbele." Kama hakuridhia, naandika pia, chini kabisa: "Tumeona bushi za mbele zimechoka, hazikubadilishwa." Gari linalozunguka kwenye vumbi la vijiji vya Bahi na Chamwino linarudi na mengi, na baada ya miezi mitatu hakuna anayekumbuka nani alimwambia nani nini.

Upande wa kodi, jambo la kwanza ni kujua kama gereji imesajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Kama haijasajiliwa, haina ruhusa kumtoza mteja VAT. Kama imesajiliwa, mteja aione: bei kabla ya kodi, kodi kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, halafu jumla. Kazi ya 350,000 inazaa kodi ya 63,000 na jumla ya 413,000. Kosa ninalokutana nalo kila mara ni pale bei iliyotajwa tayari ina VAT ndani. Mtu anachukua 413,000 anaipiga kwa asilimia 18, anapata 74,340. Hapana. Unazidisha kwa 18 kisha unagawa kwa 118, unarudi kwenye 63,000 yako. Tofauti ni 11,340 kwa gari moja tu, sasa hesabu magari ya mwezi mzima.

Tena ankara haichukui nafasi ya risiti ya EFD, ile mashine ya risiti ya kielektroniki. Ankara inamwambia mteja anadaiwa nini na kwa nini. Risiti ndiyo inayotambuliwa na TRA, na kampuni iliyosajiliwa VAT haiwezi kudai kodi iliyolipa bila hiyo. Kwa hiyo muulize mteja TIN yake (namba ya mlipakodi), na VRN (namba ya usajili wa VAT) kama anayo, kabla hujabonyeza mashine. Nimeshaona dereva akitumwa kurudi kutoka Ihumwa kwa sababu risiti ilitoka bila TIN ya ofisi.

Na risiti yenyewe ni karatasi ya joto, inayochapwa kwa joto bila wino. Dereva akiitupa juu ya dashibodi na jua letu hili la Oktoba, jioni imeshakuwa nyeusi, haisomeki hata tarehe. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa kutunzwa miaka 5, karatasi hiyo haifiki hata wiki. Kwa hiyo kabla gari halijatoka getini napiga kopi mbili za risiti. Moja naibana kwa pini nyuma ya ankara ya mteja, nyingine inaingia kwenye faili letu, kisha picha ya ankara na ya risiti inaenda kwa mwenye gari, popote alipo.