"Ardhi haishuki bei": hii kauli inamaliza hela za watu Mbeya

Wiki iliyopita tena. Mama mmoja mwalimu mstaafu kaja na kiinua mgongo chake, anataka nimthaminishie nyumba ya Isyesye alipie kesho yake. Namuuliza mama mbona haraka hivyo, ananijibu, "Mwanangu, ardhi haishuki bei, na saa hizi watu wana shida ya hela, nisipochukua mimi atachukua mwingine." Nimethamini majumba hapa Mbeya miaka 14 sasa na hiyo kauli naisikia kila wiki, inaniuma kwa sababu wanaoiamini wanaweka hela waliyoitafuta maisha yao yote.

Ardhi inashuka bei jamani. Inashuka kimyakimya tu ndo maana hamuoni, mwenye nyumba huku kwetu hapunguzi bei hadharani, anakaa na bei yake ile ile na nyumba haiuzwi. Hiyo ya Isyesye ukutani imeandikwa INAUZWA kwa rangi nyekundu, tarakimu mbili za mwisho za simu zimeshafutwa na mvua. Mwenye nyumba alikuwa anataka milioni 95, tulipokaa naye tukaongea taratibu akafika 70.

Na hata namba isiposhuka bado unaweza kula hasara. Umenunua kiwanja milioni 12, baada ya miaka mitano unauza 13 unashangilia, wakati mfumuko wa bei ukiwa asilimia 3 na nusu tu kwa mwaka ulitakiwa upate 14 na ushee ndo ubaki pale pale, na hapo dalali na kodi ya ongezeko la mtaji (ile ya faida ukiuza) hujavitoa. Wenye vyumba vya wanafunzi kule Iyunga watakumbuka 2020, vyuo vilifungwa Machi kwa ajili ya corona vikafunguliwa Juni mosi, milango ilikuwa makufuli matupu.

Kwa hiyo soko likilala usiulize nyumba imepungua bei kiasi gani, uliza inaingiza nini. Nilimpigia mama hesabu kwenye karatasi: nyumba milioni 70, mpangaji wa maeneo yale analipa 250,000 kwa mwezi, ni milioni 3 kwa mwaka. Toa mwezi mmoja na nusu wa kukaa wazi, toa asilimia 10 ya pango inayoenda TRA, toa rangi na fundi bomba, inabaki kama milioni 2, yaani asilimia 3 ya hela yake. Hatifungani za serikali za miaka 20, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 na hazivuji bati. Akaiangalia ile karatasi muda mrefu, akaikunja akaweka kwenye pochi.

Kauli nyingine za hivyo, fupi fupi.

"Pagala ni rahisi." Kwenye nyumba isiyomaliziwa kuta ndo sehemu ya bei nafuu, hela inaenda kwenye kuezeka, madirisha, plasta, umeme na maji. Halafu tofali za kuchoma zilizojengewa udongo zikinyeshewa misimu mitatu bila bati, ule udongo wa katikati unatoka, ingiza kisu uone.

"Tumeandikishana kwa mtendaji, inatosha." Haitoshi. Kafanye upekuzi ofisi ya ardhi uone kama hati haina mkopo, kipindi hela ngumu wauzaji wengi wanadaiwa benki. Na kama ni nyumba ya familia na muuzaji ana mke au mume, bila ridhaa ya huyo mwenzake usitoe hata shilingi.

"Nimeshaikagua, iko vizuri." Uliikagua lini? Mwezi wa nane Mbeya kila nyumba ni nzuri, kumekauka, vumbi tu. Mi wateja wangu wote nawaambia waende Machi, mvua imekolea, wavae mabuti, waone maji yanapita wapi na gari inafika au inaishia barabarani. Ingia ndani, sogeza kabati, shika ukuta chini karibu na sakafu. Rangi ikibanduka mkononi kama ganda la kitunguu, unyevu unapanda toka kwenye msingi, na hapo rangi mpya haitasaidia kitu.