Deni la Kodi ya Majengo kwa Nyumba Isiyokaliwa: Lipi Unaweza Kulipinga

Malalamiko mengi tunayopokea katika dawati letu la ushauri hapa Dar es Salaam huanza kwa maneno yaleyale: "Nyumba ilikuwa imefungwa, hakuna mtu aliyeishi humo, kwa nini nidaiwe?" Ni malalamiko ya kweli, na uchungu wake naujua, lakini hoja hiyo peke yake haimsaidii mlalamikaji. Kodi ya majengo hutozwa kwa sababu jengo lipo na lina mwenyewe. Haitozwi kwa sababu watu wanaishi ndani yake, na sheria haikuweka msamaha kwa nyumba kukosa mkaazi. Anayekwenda ofisini na hoja hiyo moja hurudi na jibu moja, ilhali mara nyingi deni lake lina kasoro nyingine ambayo angeweza kuilalamikia na akasikilizwa.

Tangu Agosti 2021 kodi hii hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, yaani ule unaolipiwa kabla ya kutumiwa. Viwango vya kuanzia vilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 5,000 kwa kila sakafu ya nyumba ya ghorofa mijini, na kuanzia Julai 2023 vikapanda hadi shilingi 1,500 na shilingi 7,500. Nyumba inapofungwa na umeme usinunuliwe, kodi haisimami, bali inajilimbikiza kwenye mita kimyakimya.

Tuchukue nyumba ya kawaida iliyoko Goba, ambayo mwenyewe amehamia Mwanza kikazi na hakununua umeme kuanzia Machi 2024 hadi Aprili 2025. Hiyo ni miezi 14. Mwezi Mei anarudi, ananunua umeme wa shilingi 30,000, na uniti zinazoingia ni chache kiasi kwamba anadhani mtandao umekosea. Hesabu yake ni hii: miezi 14 ya nyuma ni shilingi 21,000, mwezi wa Mei ni shilingi 1,500, jumla 22,500. Zinazobaki kwa ajili ya umeme ni shilingi 7,500, na hizo nazo zinapungua kwa kodi ya ongezeko la thamani na tozo nyingine za umeme. Hapa hakuna kosa la kupinga. Lakini kama mita hiyohiyo imewekewa kiwango cha sakafu moja ya ghorofa, miezi hiyo 15 inakuwa shilingi 112,500, na mwenye nyumba anadaiwa shilingi 90,000 zisizo halali. Kosa la namna hiyo ndilo la kupigania.

Kasoro nyingine ni ya jengo moja lenye mita zaidi ya moja. Wengi wetu tuligawa nyumba ili kila mpangaji awe na LUKU yake, na wapangaji wakiondoka mita zinabaki ukutani. Nyumba ya kawaida ni jengo moja hata ikiwa na mita tatu, kwa hiyo kodi inapaswa kukatwa kupitia mita moja tu. Vilevile, mita iliyobaki kwenye kiwanja ambacho nyumba yake imekwisha kubomolewa haina jengo la kutozwa kodi.

Msamaha wa wazee unahitaji uangalifu. Mwenye umri wa miaka 60 au zaidi husamehewa kwa nyumba moja ya makazi anayoishi mwenyewe. Mzee aliyeacha nyumba yake Mbagala akaenda kuuguzwa kwa mwanawe Kimara anaweza kuulizwa kama bado anaishi katika nyumba hiyo. Binafsi naliona jambo hili kuwa gumu na la kusikitisha, lakini namshauri aeleze ukweli wote katika barua, pamoja na muda aliokuwa akiishi pale, badala ya kuficha.

Barua yako iende kwenye halmashauri ya eneo ambalo jengo lipo, na nakala ipelekwe ofisi ya shirika la umeme, TANESCO, inayohudumia mita hiyo. TANESCO wao wanakata tu, hawapangi kodi, na kumfokea mhudumu wa dirishani kwao ni kumwonea. Taja namba ya mita, aina ya jengo na miezi unayoibishia, kisha ambatanisha risiti za LUKU, picha ya jengo na barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha hali ya jengo. Usichanganye deni hili na pango la ardhi, ambalo hulipwa kivyake kwa mwaka na lina ofisi yake. Ikiwa mwenye nyumba amefariki, anayeandika awe msimamizi wa mirathi na aambatanishe hati ya mahakama, kwa sababu afisa hawezi kubadilisha kumbukumbu kwa ombi la ndugu yeyote anayefika. Nakala unayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwani ukirudi baada ya miezi miwili na kukuta afisa mwingine, ataanzia kwenye muhuri huo.