Wananchi wanapokipa chuo kikuu swali

Vyuo vikuu karibu vyote hujieleza kwa majukumu matatu: kufundisha, kutafiti na kuhudumia jamii. Kazi yangu iko kwenye hilo la tatu. Nawakutanisha wahadhiri na watu wa nje ya geti, na naona ndilo jukumu linalokatwa kwanza bajeti inapobana. Wengi hulielewa kama siku ya kufanya usafi na kupima watu shinikizo la damu bure. Shughuli hizo zina faida yake, lakini kwangu huduma kwa jamii huanza pale wananchi wanapokuwa na sauti katika kuchagua swali litakalochunguzwa.

Chukua yaliyotokea Flint, mji ulioko jimbo la Michigan, Marekani. Aprili 2014 mji ulibadilisha chanzo chake cha maji, ukaanza kutumia ya Mto Flint bila kuyatia dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe na kutu. Wakazi wakalalamika kwamba maji yana rangi, yananuka, na watu wanatoka vipele. Wakajibiwa kuwa ni salama. Mwaka 2015 mkazi mmoja alimtafuta Marc Edwards, profesa wa uhandisi wa chuo kikuu cha Virginia Tech, na timu yake ikapeleka vifurushi 300 vya chupa za sampuli. Waliovigawa nyumba kwa nyumba na kukinga maji ni wakazi wenyewe. Walielekezwa wasifungue bomba kwa saa sita au zaidi, kisha chupa ya kwanza ijazwe mara tu bomba linapofunguliwa. Hapo ndipo penye utaalamu wote: maji yaliyolala bombani ndiyo yanayobeba madini ya risasi, ambayo ni sumu, yaliyomomonyoka kutoka kwenye mabomba, na ukiyaacha yatiririke kwanza, umeficha tatizo. Maabara ikakuta risasi kwa viwango vya kutisha. Daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha naye alilinganisha vipimo vya damu vya watoto wa mji huo, vya kabla na vya baada ya mabadiliko, akaona wenye risasi nyingi wameongezeka. Oktoba mwaka huohuo Flint ikarudi kwenye maji ya Detroit.

Watu wale walikuwa na swali lao tayari, tena sahihi. Walichokosa ni vipimo ambavyo mamlaka zisingeweza kuvipuuza.

Uholanzi iliugeuza uhusiano wa namna hii kuwa utaratibu wa kudumu. Katika miaka ya 1970 vyuo vikuu vyake vilianza kufungua ofisi zilizoitwa maduka ya sayansi, ambako kikundi cha wapangaji au wafanyakazi kingeweza kupeleka swali lake. Masharti yalikuwa machache: kikundi kisiwe na uwezo wa kulipia utafiti, kisitafute faida ya kibiashara, na kiwe na uwezo wa kuyafanyia kazi majibu. Hilo la mwisho nalithamini kuliko yote, maana linakilazimisha chuo kuuliza mapema nani atafanya nini na ripoti. Maswali mengi walipewa wanafunzi chini ya wasimamizi wao, kama sehemu ya masomo, kwa hiyo gharama haikuwa kubwa.

Mexico nayo huwataka wanafunzi wake wafanye huduma ya jamii kabla ya kupewa shahada. Mpango kama huo huzaa matunda pale tu msimamizi anapokuwepo. Mwanafunzi aliyeachwa peke yake hajifunzi wala hasaidii.

Kikwazo kikubwa ninachokiona ni vigezo vya kupandishwa cheo. Mhadhiri huhesabiwa makala alizochapisha kwenye majarida, huku ripoti iliyowasaidia wakazi kudai maji safi ikipewa alama ndogo au isipewe kabisa. Simlaumu kijana anayeamua kuandika makala. Kamati inayompima ndiyo inayopaswa kubadilika.

Wananchi nao wana kinyongo cha haki. Watafiti huja na hojaji iliyokwisha kuchapwa, hujaziwa, huondoka, na anayefuata hupokewa kwa swali: "Yale majibu ya mara iliyopita yako wapi?" Ndiyo maana nataka makubaliano yaandikwe kabla hojaji haijachapwa. Yataje tarehe ya kurudisha matokeo na lugha yatakayosomwa, na yaseme wazi kwamba wakazi watayapata hata yakimuudhi mfadhili wa chuo. Kipengele hicho cha mwisho ndicho wakuu wa vyuo huniomba nikifute, nami sikubali.