Ladha Tano na Viungo vya Mwili katika Tiba ya Jadi ya China

Huangdi Neijing, kitabu kilichokusanywa yapata miaka 2,000 iliyopita na ambacho ndicho msingi wa tiba ya jadi ya China, kinaipa kila ladha kiungo chake: uchachu huelekea kwenye ini, uchungu kwenye moyo, utamu kwenye wengu, ukali unaowasha kwenye mapafu, na chumvi kwenye figo. Kila ladha inasadikiwa pia kuwa na kazi yake. Uchachu wa siki hukaza na kuzuia, kwa mfano jasho jingi au kuhara. Uchungu wa karela hupoza joto na kukausha unyevu. Ukali wa tangawizi na vitunguu majani hutawanya kilichoganda, ndiyo maana katika nyumba nyingi za China mtu anayeanza mafua hupewa kwanza maji moto ya tangawizi. Utamu hujenga nguvu, lakini utamu unaokusudiwa hapa ni ule wa wali, viazi vikuu na kunazi, wala si wa soda.

Ni muhimu ieleweke kwamba viungo vinavyotajwa si vile vinavyoonekana kwenye picha ya ultrasaundi. Wengu wa tiba hiyo ni mfumo mzima wa kusaga chakula na kukigeuza kuwa nguvu, kazi ambayo hospitalini tunaihusisha na tumbo, utumbo na kongosho, na figo zake hubeba pia uzazi, mifupa, nywele na usikivu. Kwa hiyo mtu anayeambiwa na tabibu wa Kichina kwamba figo zake ni dhaifu hajaambiwa kwamba kreatinini yake, yaani taka ya damu inayopimwa ili kujua hali ya figo, imepanda. Na yule ambaye vipimo vya maabara vimethibitisha ugonjwa wa figo hatapona kwa kuongeza vyakula vya chumvi, bali anaweza kujidhuru vibaya.

Katika tiba hiyo ladha ya chumvi inahusishwa hasa na vyakula vya baharini, nayo husemwa kuwa hulainisha vivimbe vigumu. Katika karne ya 4, tabibu Ge Hong alipendekeza mwani uliolowekwa kwenye pombe kwa wenye rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Leo tunajua kwamba mwani una madini joto kwa wingi, na kwamba upungufu wa madini hayo husababisha rovu, hivyo dawa ilikuwa na msingi ingawa maelezo yake yalikuwa mengine. Lakini Neijing hiyohiyo inaonya kwamba anayezidisha chumvi, damu yake huganda mishipani na rangi yake hubadilika, na onyo hilo mara nyingi husahauliwa na wanaonukuu ile sehemu ya figo peke yake.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, ikijumlishwa na ile iliyomo katika sosi ya soya na vyakula vya kusindika. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji 600 vya China kwa watu wapatao 21,000 waliowahi kupata kiharusi, au waliofikisha miaka 60 wakiwa na shinikizo la juu la damu. Waliopewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa kloridi ya potasiamu, yaani chumvi yenye potasiamu badala ya sodiamu, walipata kiharusi kwa kiwango kilicho chini kwa asilimia 14 kuliko waliotumia chumvi ya kawaida. Hata hivyo, wenye ugonjwa mkubwa wa figo hawakuingizwa katika utafiti huo, kwa sababu figo zilizochoka hushindwa kutoa potasiamu mwilini na moyo unaweza kusimama. Mgonjwa wa figo, pamoja na yeyote anayetumia dawa za shinikizo la damu zinazobakiza potasiamu, amwone daktari kabla ya kubadilisha chumvi ya jikoni kwake.