Msitu hupimwa kwa miche: mfano wa Amani, Usambara Mashariki

Ukiutazama kwa mbali msitu wa Amani, wilayani Muheza, unaona kijani kitupu. Kijani hicho hakitoshi kutuambia kama msitu una afya. Mti mkubwa huendelea kusimama miaka mingi baada ya uzao wake kukatika, kwa hiyo cha kuangalia ni miche iliyo chini.

Chukua msambu (Allanblackia stuhlmannii), ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta. Tunda lake ni zito, hudondoka palepale chini ya mti mama. Anayezihamisha mbegu ni panya buku: huzifukia ziwe akiba, na zile asizozirudia huota. Akiwindwa hadi akaisha, msambu unabaki bila mpandaji. Mti uitwao Leptonychia usambarensis nao hutegemea ndege kusambaza mbegu zake. Katika vipande vya msitu vilivyozingirwa na mashamba ndege hao ni wachache, mbegu nyingi hazibebwi, na miche iliyo mbali na mti mama ni michache kuliko ndani ya msitu mpana. Aina hiyo hupungua hata pasipo shoka.

Kilimo cha iliki chini ya miti kimefanya hivyohivyo. Mkulima huacha miti mirefu kwa ajili ya kivuli, lakini kila palizi inafyeka miche pamoja na magugu. Wazee wakianguka, hakuna wa kushika nafasi yao.

Nafasi hiyo huchukuliwa na mhesi (Maesopsis eminii). Asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati hadi kandokando ya Ziwa Victoria. Amani ulipandwa mwanzoni mwa karne ya 20. Hukua haraka penye mwanga, na uvunaji wa magogo kwa mashine ulioishia miaka ya 1980 uliufungulia mianya mikubwa. Hondohondo hula matunda yake na kusambaza mbegu. Tusimlaumu ndege huyu, maana husambaza pia mbegu za miti ya asili. Kosa ni uwazi tuliouacha. Bonde linalotegemea aina moja ya mti liko hatarini: ugonjwa mmoja ukiingia, kivuli chote huondoka kwa pamoja, na udongo wa miteremko hii huishia Mto Zigi, unaolisha bwawa la maji ya Tanga.

Kamati ya maliasili ya kijiji inaweza kupima yenyewe. Pima eneo la mita 10 kwa 10, andika aina za miti mikubwa iliyo juu, kisha hesabu kila mche ulio chini ya mita 1 kwa aina yake. Rudia sehemu kadhaa, za ndani na za ukingoni. Aina iliyo juu isiyo na mche hata mmoja ndiyo ya kuanza kuoteshwa kitaluni.

Miche ya mhesi ing'olewe na mizizi yake wakati wa mvua, udongo ukiwa laini. Mikubwa isikatwe yote kwa mkupuo, kwa sababu mwanga mwingi utaotesha mhesi mwingine au magugu. Punguzeni michache michache huku mkipanda miti ya asili chini yake. Ndani ya hifadhi, kazi hii hufanywa kwa kibali cha mhifadhi. Mti mkubwa wenye pango uachwe, kwani hondohondo hutaga humo. Kuhusu mbegu za msambu, subira ni lazima: nyingine hupitisha mwaka kabla ya kuota, kwa hiyo msimwage kitalu kwa kudhani zimekufa.