Kwa nini ukisimama kwa mguu mmoja na kufumba macho unayumba?

Je, wajua? Hebu simama karibu na ukuta, inua mguu mmoja, pumua taratibu. Wengi tunaliweza hilo. Sasa fumba macho. Kabla hujahesabu hadi kumi, kifundo cha mguu kitaanza kucheza huku na huku kama mtumbwi uliopigwa wimbi la ubavu. Mguu ni uleule, sakafu ni ileile, wala nguvu hazijapungua. Kope tu ndizo zimeshuka. Macho hayabebi mwili, sasa kwa nini kuyafumba kukuangushe?

Swali hili nililipata alfajiri moja ufukweni Raskazone, hapa Tanga, tulipokuwa tukijifunza mkao wa yoga unaoitwa mti: unasimama kwa mguu mmoja, unyayo wa mguu wa pili umeukandamiza kwenye paja la ndani, viganja vimekutana kifuani. Niliamini yoga ni ya watu wenye viungo laini. Mkao ule ulinionyesha kwamba kazi kubwa zaidi ni kuusikiliza mwili.

Shuleni tulikariri milango mitano ya fahamu: kuona, kusikia, kunusa, kuonja, kugusa. Kuna mlango mwingine ambao hatukuambiwa. Mtazame mkwezi aliye juu ya mnazi. Macho yake yapo kwenye dafu analolikata, lakini miguu yake inajua ilipo na imebana kiasi gani. Au mwendesha baiskeli wa hapa mjini kwetu anayegeuza shingo kumwamkia mzee barazani. Hana haja ya kuzitafuta pedeli kwa macho. Ndani ya misuli mna vihisi vidogo sana vinavyopima urefu wa msuli na kasi ya kuvutika kwake. Kwenye kano, pale msuli unapoungana na mfupa, mna vingine vinavyopima nguvu ya mvuto. Habari hizo hupanda kupitia uti wa mgongo hadi kwenye ubongo bila kukoma, hata sasa unaposoma. Mwanasayansi Mwingereza Charles Sherrington ndiye aliyeipa fahamu hii jina la kitaalamu mwaka 1906, propriosepsheni, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya "-a mwenyewe". Mimi napenda kuiita fahamu ya mwili kujijua.

Thamani yake huonekana inapopotea. Katika karne ya 19, daktari wa Berlin aitwaye Moritz Romberg aliona kwamba wagonjwa ambao uti wa mgongo wao ulikuwa umeharibika, wengi kwa kaswende, walisimama vizuri macho yakiwa wazi, lakini wakiyafumba huyumba na kuanguka. Madaktari bado wanatumia kipimo chake. Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Mwingereza Ian Waterman. Mwaka 1971, akiwa na miaka 19, aliugua, na tangu hapo hakuhisi tena mguso wala mahali viungo vilipo kuanzia shingoni kushuka chini. Misuli ilikuwa mizima, ila hakuweza kusimama. Alijifunza upya kutembea kwa kuitazama miguu yake hatua kwa hatua, na taa zikizimika ghafla alikuwa akianguka. Wazia maisha hayo katika nyumba ambayo umeme hukatika usiku!

Basi ubongo una mashahidi watatu wa kuuambia kama umesimama wima: macho, sikio la ndani lenye mifereji mitatu ya majimaji inayohisi kichwa kinavyogeuka, na mwili wenyewe, yaani misuli, viungo na ngozi ya nyayo. Ukifumba macho, shahidi mmoja ametoka, na wawili waliobaki hulazimika kubeba kazi yote. Kwa kweli hata macho yakiwa wazi hujatulia. Kusimama ni kuanguka kidogo na kujirekebisha, mara nyingi mno. Itazame mishipa na kano za kifundo chako ukiwa kwenye mkao wa mti, utaiona kazi hiyo.

Ndiyo maana mahali unaposimama huleta tofauti. Maji yakipwa, mchanga wenye unyevu ni mgumu na nyayo husema kweli. Panda juu kwenye mchanga mkavu, nyayo huzama na habari zake huchafuka. Vilevile, ukikaza macho kwenye shina la mnazi lililo karibu utatulia kuliko ukitazama jahazi la mbali, kwa sababu kuyumba kwako huonekana wazi zaidi dhidi ya kitu cha karibu. Na hili ndilo lililonishangaza kuliko yote: ukigusa ukuta kwa ncha ya kidole kimoja, kwa wepesi usioweza kukubeba kamwe, kuyumba hupungua. Kidole kinaupa ubongo habari tu, na habari hiyo inatosha.

Fahamu hii hupungua umri unapokwenda, na kisukari kinaweza kuharibu neva za miguu na kuzifanya nyayo zife ganzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliofanywa Brazil kwa watu 1,702 wa miaka 51 hadi 75, ulikuta mtu mmoja kati ya watano hivi hakuweza kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10, na kundi hilo lilikuwa na vifo vingi zaidi katika miaka iliyofuata. Mguu wenyewe hauui. Wengi wao walikuwa na afya dhaifu zaidi tangu mwanzo. Lakini uimara hufundishika, na yoga, iliyotoka India, hufaa kwa kuwa inakutaka ukae kwenye mkao bila haraka na uhisi uzito umelalia kisigino au vidole. Mwenye kizunguzungu, mjamzito au aliyewahi kuanguka aanze na daktari, na ukuta uwe karibu.

Shangazi yangu wa Ngamiani ana miaka 67. Kila jioni, chai ikiwa jikoni, husimama kwa mguu mmoja kando ya nguzo ya baraza, kidole kimoja kimeigusa. Wiki iliyopita alikiondoa kidole, macho wazi, akahesabu kwa sauti hadi kumi na nne, kisha akabadilisha mguu.